Mzigo wa Mwogeleaji

Tangu Séverin arudi kutoka Uvira, kule Kongo, Nabintu alikuwa hajamwona uso. Alimwona mgongo, ukitokomea ndani ya duka la nyama pale Stratford Road, Birmingham. Alimwona kisogo kanisani, kwenye safu ya mbele, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi, maana Séverin siku zote alikuwa mtu wa safu ya nyuma, karibu na mlango na karibu zaidi na usingizi. Lakini uso ulikuwa umeadimika. Na mtu uliyemtuma kwa mama yako akirudi akakuficha uso, utafikiri nini? Nabintu alifikiri hilo hilo.

Alikuwa amemtuma apeleke miwani, au lineti kama wanavyosema watu wa kwao. Mama yake alikuwa amefikia hatua ya kuishika Biblia mbali, urefu wa mkono mzima, na bado herufi zilimtembea kama siafu. Alimweleza binti yake kwa simu: kutoka puani mpaka kwenye kiganja, mwanangu, na hata hapo nabahatisha. Basi Nabintu akaenda dukani, akasimama mbele ya miwani ya kusomea, akajipima kwa mkono wake mwenyewe, akajaribu hii na ile mpaka mlinzi akaanza kumzungukazunguka. Akachagua fremu nyekundu. Mama alipenda nyekundu maisha yake yote na wanawake wenzake wa kanisani hawakuwahi kumwachia aivae kwa amani.

"Uiweke mu mukono yake," alimwambia Séverin siku ya kumuaga. "Si kwa Néhémie. Mu mukono ya mama. Avae, afungue Biblia, halafu unipigie simu nisikie vile anasoma."

"Dada, hata nikizama mu ziwa, lineti itafika," Séverin alijibu huku akicheka, akaifunga kwenye soksi na kuizika katikati ya begi.

Simu haikupigwa. Nabintu alipopiga mwenyewe, aliipokea mdogo wake Néhémie, na mama alikuwa anapumzika. Akapiga tena. Mama alikuwa anapumzika.

"Kupumzika gani kwa kila siku?" Nabintu alifoka. "Mumuwekee simu kwa sikio yake, hata kama analala!"

"Yaya, dada yangu, usikasirike. Iko anapumzika. Tutakupigia." Mara laini ikakatika, na kadi ya simu ikaisha pale pale, kama kadi za Stratford Road zilivyo na tabia ya kuisha pale unapotaka kumtukana mtu.

Hapo akili yake ikaanza kupika. Néhémie alikuwa na kiu ya muda mrefu ya kuuza kiwanja cha mama kilicho juu kidogo ya ziwa. Mama alikataa. Sasa mama haji kwenye simu, na Séverin aliyekwenda huko amerudi bila uso. Labda mama amehamishwa kwa nguvu, yuko kwa majirani, analia, na Séverin ameyaona yote akalishwa samaki wa mukeke na kunyamazishwa. Nabintu hakutaka kiwanja. Alitaka kuisikia sauti ya mama ikisoma, hata mstari mmoja. Lakini ukiwa peke yako kwenye ghorofa la juu Ladywood, na mvua inagonga kioo, kichwa hakikupi jambo moja tu la kufikiria, kinakupa ukoo mzima.

*

Mahali ambapo Séverin hakuweza kumkwepa palikuwa mazoezini.

Mwaka huo, 2006, jiji lilikuwa bado na hofu ya mabomu yaliyolipuka London mwaka uliotangulia, na halmashauri ilikuwa ikivisaidia vikundi vinavyokutanisha watu wa dini tofauti. Mzee Gurmeet, Singasinga wa Nakuru aliyewahi kufundisha historia kabla ya kuhamia Birmingham, akaja na wazo la mchezo wa kuigiza katika ukumbi wa Sparkhill. Mchezo wenyewe ulihusu kuzingirwa kwa Akka, mji wa bandari kule mashariki ya Bahari ya Kati, wakati wa Vita vya Msalaba, zaidi ya miaka mia nane iliyopita. Ungechezwa kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo Wakongo wa kanisani, Wahindi waliotoka Kenya na Wasomali wa Eastleigh waliweza kugombania pamoja.

Na Gurmeet, kwa utundu wake, aliwageuza watu. Wakristo wa Kongo wakawa Waislamu waliofungiwa ndani ya mji. Waislamu wa Sparkhill wakawa watu wa Msalaba waliouzingira. Ardo, msichana wa Kisomali anayeuza vitambaa, akapewa ujemadari wa Msalaba na kofia ya chuma iliyotengenezwa kwa karatasi ya kung'aa ya jikoni. Aliivaa mpaka kwenye basi.

"Mzee, mamangu akijua nimevaa msalaba nimekwisha," alisema Ardo.

"Mwambie ni historia," alisema Gurmeet.

"Mamangu hajui historia, anajua kiatu."

Nabintu alipewa nafasi ya kiongozi wa wanawake wa mjini, na aliichukua kwa uzito ambao haukumfurahisha kila mtu. Gurmeet alipoeleza jinsi mambo yalivyokwenda, yeye alikuwa na maswali. Mji ulizingirwa karibu miaka miwili. Sultani na jeshi lake walikuwa kwa nyuma, milimani, wanawaona watu wao na hawawezi kuwafikia. Bandari ilifungwa na meli za adui, njaa ikaingia, mawe yakazipiga kuta usiku na mchana. Mwishowe walinzi wakazungumza masharti, bendera za Msalaba zikapanda ukutani. Sultani alipokuwa anataka kuwakataza, aliziona bendera kwa macho yake.

"Nani alifungua mlango?" Nabintu aliuliza.

"Walifungua wao wenyewe, mama. Walikubaliana."

"Hapana. Mji haianguke bila mutu ya ndani. Nani alibauzisha?"

Gurmeet alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati. "Hakuna aliyewauza. Walichoka. Mtu huchoka, mama. Hata mwenye haki huchoka."

Nabintu hakuridhika. Yeye alikuwa ametoka vitani na aliamini kwamba kila mji ulioanguka una jina la mtu mmoja chini yake, ukichimba vizuri. Ikabidi waendelee na mazoezi huku akiwa amenuna, na Nabintu akinuna ukumbi mzima unajua.

Séverin alikuwa Isa, mwogeleaji. Hii ndiyo sehemu iliyopendwa na wote. Usiku Isa hufunga mzigo kiunoni, dhahabu na barua za Sultani, akapiga mbizi chini ya meli za adui na kuibukia ndani ya mji. Akifika, watu wa mjini humrusha njiwa kwenda milimani, ili Sultani ajue amana imefika. Usiku mmoja Isa akaondoka, na njiwa hakuruka. Katika mchezo wa Gurmeet, watu wanamtukana: amekula mali, amekimbilia kwa adui. Siku chache baadaye bahari inamtupa ufukweni, amekufa maji, na mzigo wote uko kiunoni kama ulivyofungwa. Kazi ya Nabintu ilikuwa kupiga magoti, kuufungua, na kusema mbele ya mji wote: "Tulimwita mwizi. Amekufa, na bado ameleta."

Kila alipofika kwenye maneno hayo, Nabintu aliyasema kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Na Séverin, aliyelala sakafuni akijifanya maiti, alikuwa amefumba macho kwa nguvu kupita mahitaji ya mchezo.

*

Wakati huo huo jambo jingine lilianza, na kwa Nabintu lilikuwa baya zaidi. Watu wakawa wema.

Mireille, rafiki yake wa kanisani, mwanamke mwenye mume, watoto na nyumba yake huko Perry Barr, alitokea mlangoni akiwa na kimfuko cha nguo. Eti kwao hakuna maji ya moto. Akalala kwenye sofa, na kesho yake akalala tena. Siku ambayo Mireille hakuja, alikuja Denise, jirani yake wa ghorofa la pili, naye wa kanisani, na sufuria la sombe, kisamvu cha kwao. Nabintu hakuwahi kusikia Denise akigawa hata chumvi. Wote wawili walimtazama akila, na alipomaliza wakamwongezea.

"Mbona munaniangalia sawa vile mugonjwa?" aliuliza.

"Dada, kula tu," alisema Mireille. "Umekonda."

Hakuwa amekonda. Sketi zake zilimwambia ukweli huo kila asubuhi alipokwenda kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja mjini.

Kisha vitu vidogo vikaanza kupotea. Chaja ya simu ilikuwa ukutani, haipo tena. Mireille aliazima simu yenyewe, ampigie mumewe, akaitia mfukoni na kuisahau humo mpaka alfajiri. Kisha ufunguo. Ule mlango wa kioo wa kutokea kwenye kibaraza, ambako Nabintu alianika nguo zake juu ya jiji lote, siku zote ulikuwa na ufunguo wake kwenye kitasa. Jioni moja aliinuka na beseni la nguo mbichi, akakuta tundu tupu.

"Ufunguo iko wapi?"

"Ufunguo gani?" Mireille alisema, akiwa amekaa kwenye kiti alichokiegemeza kwenye mlango ule ule, mgongo ukigusa kioo. "Mvua inanyesha, dada. Anika ndani."

Mvua haikuwa inanyesha. Nabintu alisimama na beseni lake, maji yakimchuruzikia miguuni, na akahisi baridi isiyokuwa ya maji. Alikuwa anafungiwa. Habari hazitoki, haziingii, chakula kinaletwa kwa zamu na walinzi wanabadilishana. Hakuwa na haja tena ya kumuuliza Gurmeet ilivyokuwa Akka. Tofauti ni kwamba watu wa Akka waliwajua adui zao kwa bendera, na adui zake yeye walikuja na sombe.

Wote wanajua, aliwaza usiku ule, akimsikiliza Mireille akijigeuza kwenye sofa. Wanajua alichofanya Séverin na wanamlinda. Nililia pamoja nao, nikaimba pamoja nao, kumbe mimi ndiye mgeni wao. Moyo ulimuuma kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na upweke mkubwa, na huo alikataa kuutazama.

Alhamisi mazoezini akapata ushahidi. Séverin alifungua begi kutoa shati la kuigizia, na kati ya taulo na chupa ya maji Nabintu akaiona soksi ile ile, imefungwa fundo lile lile. Kwenye ncha yake, pale ambapo soksi ilikuwa na tundu, palichungulia wekundu.

Kwa hiyo haikufika. Amekwenda nayo mpaka Uvira na kurudi nayo mpaka Sparkhill. Hakukanyaga kabisa kwa mama, au alikanyaga akaona mambo ya aibu. Nabintu aligeuka akaenda kunywa maji. Jumamosi kungekuwa na mazoezi ya mwisho, wote wakiwa na mavazi, mbele ya watu wa kanisa waliokaribishwa kutazama. Huyo maiti atalala mbele ya mji wote, na yeye ndiye mwenye kazi ya kumfungua kiuno. Acha alale vizuri.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko alivyotarajia. Watu wa kanisa walikuja wengi, hata wale ambao hawajawahi kumaliza mchezo wowote, na wanawake walivaa vitenge vya kiza kiza. Nabintu aliliona hilo. Akasema moyoni: wamekuja kumsikiliza mwizi wao. Vizuri.

Mchezo ukaenda. Ardo na jeshi lake wakazizunguka meza zilizokuwa ukuta wa Akka, wakapiga mayowe ya vita huku wakichunga kofia zisichanike. Njaa ikaingia. Njiwa hakuruka. Wanawake wa mjini wakamtukana Isa, na Nabintu akamtukana kwa matusi ambayo hayakuandikwa na Gurmeet. Kisha taa zikapunguzwa, Gurmeet akammwagia Séverin chupa ya maji, kwa sababu alipenda mambo yawe ya kweli, na Séverin akalala chini, nguo zimemgandia.

Nabintu akashuka ukutani, akapiga magoti. Mikono yake haikwenda kiunoni kwa maiti. Ilikwenda kwenye begi lililokuwa pembeni ya jukwaa, ikachomoa soksi, akalifungua fundo kwa meno. Akaiinua miwani nyekundu juu ili kila mtu aione.

"Huyu hakukufa," alisema kwa sauti iliyofika mlangoni. "Huyu iko muzima, na ni mwizi! Hii ni lineti ya mama yangu. Nilimupa mu mukono yake. Séverin, amuka. Sema mbele ya batu: mama yangu mulimuweka wapi?"

Alitarajia kelele. Alitarajia watu waruke, mmoja amshike, mwingine aulize kuna nini. Hakuna aliyeinuka kwenye kiti. Gurmeet peke yake ndiye aliyekuwa anapekua karatasi zake, akitafuta maneno yale yako ukurasa gani. Nabintu akamtazama Mireille. Mireille alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akamtazama Denise, Denise akatazama sakafu. Hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeshangazwa na miwani.

Akarudisha macho kwa Séverin. Maiti alikuwa hajafumbua macho, lakini machozi yalikuwa yanamtoka pembeni ya kope na kuingia masikioni.

"Séverin," alisema tena, na safari hii sauti haikufika mlangoni.

Mlango wa ukumbi ukafunguka. Liliingia kwanza gongo, kisha mguu uliofungwa bandeji nene, kisha gongo la pili, na kati yao mama mkubwa Thérèse, dada mkubwa wa mama yake, ambaye alikuwa akiishi Sheffield na hakuwahi kutoka Sheffield, hata kwa harusi, kwa ajili ya magoti yake. Nabintu alijua alikuwa amelazwa huko, amefanyiwa upasuaji. Alikuwa amempigia simu, akajibiwa na muuguzi. Sasa mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, anahema, mashemeji wawili nyuma yake, na kichwa chake kilikuwa wazi, hakina kitambaa.

Mtu mzee hatoki hospitali na magongo mawili kuja kutazama mchezo.

Nabintu alizaliwa Uvira na alikulia humo. Alijua, kama wote waliokuwa ndani ya ukumbi ule walivyojua, kwamba kwao kuna habari ambayo haitumwi kwa simu. Haisemwi na rafiki, haisemwi na kijana uliyemtuma, haisemwi kwa mtu aliye peke yake. Inangojewa mpaka mkubwa wa ukoo apatikane, aje kwa miguu yake, na wanawake wawe wamekwisha kukaa pande zote ili mfiwa asiangukie sakafu tupu. Mpaka hapo watu husema anapumzika. Yeye mwenyewe, zamani, aliwahi kumlaza jirani kitandani na kumnywesha uji akingoja mjomba wake afike. Alikuwa ameficha ufunguo wa nyumba ya jirani yule mfukoni mwake, ili asitoke kwenda ziwani.

Akauona mlango wa kioo. Akauona mgongo wa Mireille umeegemea hapo usiku kucha, juu ya jiji lote.

"Tulikuogopea, dada," Mireille alinong'ona. "Uko peke yako kule juu."

"Nilifika," alisema Séverin. Alikuwa ameinuka, ameketi ndani ya maji yake, na kwa mara ya kwanza tangu arudi uso wake wote ulikuwa umemgeukia. Ulikuwa umekonda. "Dada, nilifika. Lakini nilikuta..." Akamtazama mama mkubwa Thérèse, akafunga mdomo. Hata sasa kuisema haikuwa kazi yake, na habari aliibeba mpaka mwisho.

Nabintu alikuwa bado ameinua miwani. Aliishusha. Hasira iliyomsimamisha wiki zote hizo ilikuwa imemwacha, na hakukuwa na kitu kingine cha kumshika. Hapakuwa na msaliti. Alichimba mpaka chini kabisa akakuta jina la mtu yeyote halipo, wapo tu watu wake waliochoka kunyamaza. Gurmeet alikuwa amemwambia.

Akafungua kitambaa kichwani polepole, kama wanawake wa kwao wanavyofanya kwenye msiba, akakikunja juu ya paja kwa uangalifu, akaketi chini sakafuni, kwenye maji ya bahari ya Akka. Mireille akaja akaketi kushoto kwake, Denise kulia, na wanawake wa kanisa wakashuka kwenye viti mmoja mmoja na vitenge vyao vya kiza. Ardo alivua kofia ya Msalaba, akaiweka pembeni, akaja akaketi nao bila kuuliza. Séverin akamsogezea mama mkubwa kiti. Mama mkubwa alikikataa. Akaachia magongo yakaanguka kwa kishindo, na mashemeji wakamteremsha chini, na mguu wake mgonjwa ukanyooka mbele yake.

Nabintu alikuwa ameivaa miwani. Ilikuwa na nguvu sana kwa macho yake, na watu wote waliomzunguka walikuwa wamekuwa wakubwa na hawana sura.

"Nimefungua," alisema. "Sasa museme."

Mama mkubwa Thérèse akamshika mikono, akamwambia.